Dakika Tatu za Shangazi

Nilimwahidi shangazi Ndeanansia dakika tatu.
Abonyeze kitufe mlangoni, taa ya uani iwake,
avuke hatua thelathini na nane hadi chooni,
kule kuna kitufe kingine cha kurudia;
halafu taa izime yenyewe, uniti za LUKU zisiende bure.
Jambo dogo. Chipu ya miguu minane, tano-tano-tano,
rezista, kapasita, rilei,
na kopo la siagi la kuvihifadhi,
nikalipigilia chini ya bati, hapa Pasua,
ambako saa mbili usiku bati bado lina hasira ya mchana.

Mezani ilikuwa mtiifu.
Sekunde mia na tisini na nane. Tena, mia na tisini na nane.
Nikajisifu, nikala ndizi zangu.

Ukutani ikaota pembe.
Jumatatu iliwaka mpaka jogoo.
Jumatano ilimzimikia katikati ya ua,
akasimama palepale, kandambili moja mguuni,
akaniita "Eliaremisa!", jina lote,
ambalo hulitumia akiwa na kesi.

Nikashusha kopo, nikaanza kushuku.
Kwanza TANESCO, kama kila mtu.
Kisha waya: nikabadilisha waya.
Kisha mkono wangu: nikachoma upya kila kiungo
hadi mapazia yakanuka risasi.
Kisha chipu, maskini. Nikaenda kwa Nderingo, nyuma ya soko la Mbuyuni,
akaniuzia mbili. "Moja ya kuharibu," alisema.
Zote tatu, tabia ileile.
Ndugu watatu wakiumwa tumbo siku moja
usiwapime damu; uliza wamekula nyumba gani.

Kapasita sikuishuku.
Ilitoka kwenye amplifaya ya usharika, ile kuukuu,
iliyobeba mahubiri miaka ishirini na mitatu.
Nilidhani kitu kilichostahimili koo la mwinjilisti Ngowi
hakishindwi na dakika tatu.

Usiku wa nne nikakaa uani, kigoda, mita mapajani,
mbu wakinila kwa zamu.
Friji la soda la Mama Haika, ng'ambo ya ukuta,
likakohoa, likaanza kunguruma,
na taa yangu ikafa.
Nikangoja. Likanyamaza. Nikabonyeza. Likakohoa. Giza.
Mguu wa nne!
Niliuacha ukining'inia, hauna pa kushika,
kila mshtuko wa jirani unauamrisha.
Nikaufunga kwenye chanya,
na mguu wa tano nikaupa kapasita ndogo ya kuutuliza.
Friji likohoe litakavyo.

Lakini kule kuwaka mpaka jogoo?
Kesho yake nikaazima kikausha nywele cha Aikande
nikaipulizia mashine yangu hewa ya moto, kama bati.
Namba zikapanda: volti nne, tano, sita,
sita na nusu,
zikakaa.
Zilitakiwa zifike nane.
Zilikaa kama watalii wanaogeukia Kibo
na kilele wanakiona.
Ndoo inajazwa kwa kijiko na chini inavuja;
joto likizidi, tundu linapanuka.
Nikaitazama kapasita ya usharika, tumbo limevimba kidogo,
limevimba tangu siku ya kwanza, na nililiona.
Niliona, nikaliita unene.

Nilinunua mpya, shilingi mia saba.
Ile ya zamani iko dirishani. Kuitupa, bado.

Leo saa tatu usiku shangazi amebonyeza.
Amekwenda, amerudi, hakuingia ndani.
Ameketi kizingitini, mikono kwenye kanga, akiikodolea taa
kimya, midomo ikihesabu.
Nami ndani ninahesabu, pumzi nimeishika.
Tik, ya rilei. Giza.
"Haya," amesema,
kwa sauti ya mtu aliyepewa chenji
akaihesabu mara mbili
kabla ya kuifunga kwenye pindo.